Majivu ya Mtangazaji

"Usinipe kiti! Sikuja kukaa kwako mimi!"

"Basi simama. Lakini punguza sauti, mtoto anasoma."

"Asome! Asome vizuri, ajue mama yake anafanya kazi gani!"

Tuliuacha mlango wa Fortunata ukipigwa teke, mwenyewe kashika mwiko wa ugali kama rungu. Haya, aliyeupiga ndiye huyu, ameshaingia. Si jambazi. Wala si yule mume aliyebaki Mwanza. Ni mwanamke mrefu mwenye vumbi la barabara ya Mchinga mpaka magotini, na mkononi ameshika viatu vya mwanamume. Raba nyeusi, hazina kamba.

"Unavijua hivi?"

"Sivijui."

"Ni vya Valentini, mume wangu. Nimepewa kaunta, wakaniambia mahabusu halali na viatu. Kamba wamezitoa asije akajinyonga. Mkanda huu hapa. Mimi ndiye Skolastika, mke wa muuaji wako wa kwenye televisheni. Haya, nisome na mimi!"

Fortunata akauweka mwiko chini.

Kwa anayeanza leo, nitasema mara moja tu. Fortunata ni mama wa mtoto mmoja, mwenye stashahada ya uandishi wa habari na mume aliyejipatia mke mwingine. Alivuka Rufiji kwa pantoni na godoro lake na binti yake Agnes, akaja Lindi kusoma habari kwenye Matumbawe Televisheni, kituo kipya cha tajiri wa korosho, Bwana Likwata. Hata mji hajauzoea, akaangukiwa na habari iliyompa jina. Kwenye maziko ya Mzee Haruna kule Mchinga, mwanamume mmoja alijitupa mbele ya jeneza akapiga kelele: "Nimemuua mimi! Nilimtilia sumu kwenye uji! Sasa mikorosho yake ni yangu!" Kamera ilikuwepo. Jioni ile ile Fortunata akaisoma, uso mkavu, sauti imenyooka. Kesho yake Valentini akachukuliwa na polisi.

"Dada yangu," Fortunata akasema, "mimi sikumsingizia mtu. Alisema kwa kinywa chake."

"Alisema! Na mimi nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikakaa chini."

"Ulicheka? Msibani?"

"Tulicheka wote! Hivi wewe, kwenu hakuna watani?"

"Wapo. Lakini kwetu mtu akifa tunalia. Utani ni wa sokoni na kwenye pombe."

"Na huku jeneza halitoki bila mtani! Ukoo wa Valentini na ukoo wa Mzee Haruna wanataniana tangu babu zao. Mtani ndiye anayelala njiani jeneza lisipite. Mtani ndiye anayevaa kanzu ya marehemu na kudai mke na mashamba. Akinyamaza, watu watasema Haruna alikuwa mtu wa bure, hata watani hawakumtaka. Valentini alimpenda yule mzee kama baba. Kamwogesha, kamlisha, kamgeuza kitandani. Na wewe ukamwita muuaji mbele ya mkoa mzima!"

Kiti alichomkaribisha mgeni, Fortunata akakikalia mwenyewe.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani akuambie? Siku ile Mchinga nzima ilijaa kwenye televisheni ya mwenye mgahawa, inacheka. Tukasema huyu mgeni kiboko, kaingia utani bila kupiga hodi. Tulikuwa tunakusifia, mwenzangu! Mpaka gari la polisi lilipokuja."

"Waelezeni polisi."

"Tumeeleza mpaka mate yamekauka. Mkuu wa kituo naye mgeni kama wewe. Anasema utani haumo kwenye sheria, yeye anataka ushahidi. Na ushahidi unajua uko wapi?"

Hapo Skolastika akashusha sauti kwa mara ya kwanza, na ndipo Fortunata alipoogopa.

"Kesho asubuhi wanafukua kaburi. Kibali kimeshatoka. Mzee wa watu kaoshwa, kaswaliwa, kalazwa kwa heshima. Wanamtoa akapasuliwe. Na Bi Somoe, mjane wake, yuko eda. Hawezi hata kutoka nje akalale mbele ya gari."

Akaviweka vile viatu juu ya meza, kando ya sufuria la ugali.

"Kaa navyo. Siku akitoka, utamvalisha wewe."

Fortunata alivitazama. Kisigino kimoja kilikuwa kimelika upande, kama cha mtu anayetembea sana. Akainuka.

"Agnes! Funika ugali. Usimfungulie mtu mpaka nirudi." Halafu akamgeukia Skolastika. "Twende kituoni kwetu. Nataka kuiona ile kanda."

*

Klementi, mpiga picha, alikuwa peke yake kwenye chumba cha mitambo, anafuta vumbi.

"Weka kanda ya Mchinga."

"Ile ya muuaji?" Klementi akacheka.

"Unacheka nini?"

Kicheko kikakatika. Akaiweka kanda.

Fortunata alikuwa ameshaiona, lakini sauti ikiwa chini, maana siku ile bosi alikuwa anapiga simu chumba hicho hicho. Aliona wanawake wamejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Akaandika: *Vilio vilitanda.* Sasa akavaa spika za masikioni, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Vilikuwa vicheko.

Vicheko vya kubanwa, vya kuonewa haya, vya watu waliolia tangu alfajiri mpaka kifua kinauma. Mmoja alisikika wazi: "Valentini nawe, ngoja tukuzike naye!" Hata waliobeba jeneza walicheka, jeneza likayumba.

Akavua zile spika polepole.

"Ulijua, Klementi?"

"Dada Fortu, nani asiyejua? Nilidhani na wewe unajua. Ulivyoisoma vile, uso mkavu kama samaki ng'onda, mimi nyuma ya kamera nilijiziba mdomo. Nikasema, huyu dada ni mtani wa hali ya juu."

"Na walipomkamata?"

Klementi akaanza tena kufuta mahali alipokwisha kufuta.

"Nina watoto, dada. Bosi alisema tunyamaze."

"Bosi anajua?"

"Bosi alicheka kuliko sisi wote. Akaniambia rudisha nyuma nione tena. Halafu akanyamaza. Akafikiri. Akasema, 'Irushe kama alivyoiandika.'"

"Nani ananitaja bila kunitolea kuku?"

Ilikuwa sauti ya mlangoni. Bwana Likwata mwenyewe, shati jeupe, tabasamu pana. Alikuwa mtu wa kuchekacheka huyu. Watu wa namna hiyo niwaambie mapema: mwangalie macho, usimwangalie meno.

"Bosi," Fortunata akasema, "ulijua kwamba ule ni utani."

"Mama Agnes, mimi nimezaliwa ndani ya utani. Nilipozaliwa watani walimwambia mama anirudishe nilikotoka, nina sura mbaya."

"Basi leo tunasahihisha."

"Tunasahihisha nini? Tulisema mtu amesema. Amesema, hajasema?"

"Amesema, lakini..."

"Basi! Ukweli mtupu. Ndiyo kazi niliyokuajiri."

"Mwambie na ya kangomba, Lukas!" Skolastika alifoka kutoka kizani nyuma ya mlango, na Likwata akashtuka kidogo. Watu wachache Lindi walithubutu kumwita jina lake la ubatizo. "Mwambie kwa nini msimu unafunguliwa wiki hii na Valentini yuko ndani!"

"Kangomba ndiyo nini?" akauliza Fortunata.

"Ni kununua korosho za watu kwa bakuli badala ya mizani! Tangu ushirika ufe, mawakala wake ndivyo wanavyotukamua. Mwaka huu Valentini kaizungukia Mchinga nyumba kwa nyumba: pasipo mizani, hakuna korosho. Watu wakamsikiliza. Sasa hayupo, na tangu jana mabakuli yameshaingia!"

"Hiyo ni biashara huria, shemeji," Likwata akajibu kwa upole. "Anayetaka auze. Asiyetaka akae nazo mpaka zichipue." Akatoa karatasi mfukoni, akampa Fortunata. "Ya leo hii hapa. Kaburi kufukuliwa kesho. Utaisoma saa moja, uso ule ule. Watu wanaupenda."

"Nikikataa?"

"Ukikataa hakuna ugomvi. Nyumba unayolala ni yangu. Shule ya mtoto nimekuombea mimi. Na Mwanza ni mbali, mama Agnes, mvua zikianza ni mbali zaidi. Mtwara kuna mabinti wenye sauti nzuri, hawaulizi maswali."

Yote hayo aliyasema huku anatabasamu.

Fortunata aliitazama karatasi. Alimfikiria Agnes, ambaye ndiyo kwanza amepata rafiki wa kuruka naye kamba. Alizifikiria sare za shule alizozishona kwa mkopo. Alikumbuka na maneno ya mama mkwe wake siku anaondoka Mwanza: "Utarudi unalia." Halafu akaikunja ile karatasi mara mbili.

"Nipe gari," akasema.

"La nini?"

"Nitasomaje habari ya kaburi bila picha ya kaburi? Nataka nikapige kabla jua halijazama."

Skolastika alitoa mguno kama wa mtu aliyechomwa. Likwata akapiga makofi.

"Ah! Sasa umekuwa mtangazaji! Klementi, chukua ufunguo!"

Nje, Skolastika alimtemea Fortunata mate miguuni. "Nilidhani una damu. Kumbe una maji."

"Panda gari," Fortunata akamwambia.

"Sipandi gari la shetani."

"Skolastika, panda gari. Gari ndilo nililokuwa nalitaka. Hiyo picha ataisubiri sana."

*

Mama mwenye akili hahamishi ulimi kabla hajahamisha mtoto. Gari lilipita kwanza nyumbani. Fortunata alimpakia Agnes, akapakia sufuria, akapakia begi la nguo.

"Dada," Klementi akauliza, "godoro nalo linaingia vipi kwenye habari?"

"Beba, Klementi. Shika upande huo."

Mchinga waliikuta kimya. Mbele ya mgahawa watu waliwaona, wakageuza viti. Kwenye kona ya soko palikuwa na vijana wawili wasiojulikana na gunia tupu, bakuli limefunikwa juu yake. Skolastika aliwanyooshea kidole kupitia dirishani.

Nyumbani kwa marehemu, Klementi alibaki nje, maana mjane wa eda haonwi na wanaume wa kando. Fortunata akavua viatu, akaingia nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Sogea, macho yangu hayana nguvu." Bibi alikuwa amekaa mkekani, mdogo ndani ya nguo nyeupe, majirani wawili kando yake. "Ndiye wewe uliyemfunga mtani wangu?"

"Ndiye mimi."

"Na hata kuku wake hajala. Mtani akimaliza kazi hupewa kuku, ndiyo ada yake. Yule kuku bado anazunguka hapo uani, tunaona haya hata kumtupia mchele."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa sijui."

Bi Somoe alikuwa anauchuna ukindu wa mkeka kwa kucha.

"Nikwambie kitu. Siku ile mimi nilikuwa nimeamua kufa. Sili, sinywi. Nilisema wakimtoa Haruna mlangoni, nami roho itoke. Basi Valentini kavaa kanzu ya mume wangu, imemfika hapa magotini, anadai kurithi. Anataka mbuzi na anataka mjane. Wakamwuliza, utaanza na yupi? Akanitazama, akamtazama mbuzi. Akasema, mbuzi kwanza." Mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Khanga ikaenda usoni. Fortunata safari hii hakukosea, alijua kuwa ni kicheko. Halafu kikageuka kikawa kilio kweli, na hakuna aliyeweza kusema kilipogeukia. "Nikacheka, mwanangu. Nilipocheka nikajua nitaishi. Huyo ndiye uliyemfunga. Na kesho wanamfukua Haruna wangu kama muhogo."

Fortunata alipiga magoti. "Niambie la kufanya."

"Kutokujua si kosa. Kosa ni kutania watu kisha usikubali kutaniwa. Wewe umetutania mbele ya mkoa mzima. Sasa ni zamu yetu. Skolastika! Jikoni kuna majivu."

Skolastika hakungoja kuambiwa mara ya pili. Na sitawadanganya wasomaji wangu, yule mwanamke hakupaka, alilipiza. Alimpaka paji la uso, mashavu, masikio, akamsugulia mpaka kwenye nywele zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni. Majirani walijifunika khanga.

Fortunata akapiga chafya, akasema, "Jamani, Kwaresima bado."

Vicheko vilipasuka. Hata Skolastika aligeukia ukutani.

"Ana mdomo huyu!" Bi Somoe akajifuta macho. "Tayari, wewe ni mtani wa nyumba hii. Na unajua mtani hufanya nini mwenzake akikamatwa?"

"Sijui, mama."

"Husema ni yeye."

Nje jua lilikuwa linashuka. Saa moja haikuwa mbali. Fortunata aliinuka, akamwita Agnes.

"Utalala kwa bibi leo."

"Mpaka lini, mama?"

Mama aliye mkweli huwa na majibu machache sana. "Mpaka nije kukuchukua," akasema.

"Atanisaidia kuchungulia mlangoni," Bi Somoe akasema. "Mjane wa eda anahitaji macho ya kuazima."

*

Njiani Klementi alimsogezea dumu la maji. "Nawa, dada. Kuna sabuni hapo chini."

"Sinawi."

"Utasomaje hivyo?"

"Klementi, nani Lindi hii asiyejua maana ya majivu usoni mwa mtu mzima?"

Walipofika Ngongo, ndipo Klementi akasema, "Hakuna. Hata watoto wanajua: huyo yuko mikononi mwa watani."

"Basi ndivyo nitakavyosoma. Wewe nakuomba jambo moja tu. Nikisema sikilizeni, weka ile kanda, sauti mwisho."

"Dada, nina watoto."

"Najua. Na mimi ninaye."

Waliingia kwa mlango wa nyuma, Skolastika akabaki ukumbini. Likwata alikuwa kwenye chumba cha mitambo nyuma ya kioo, mguu juu ya mguu, na mgeni wake mmoja wa heshima. Fortunata alipita upande wa kizani, akakaa kwenye kiti chake. Akaweka meza safi, karatasi ya bosi pembeni. Chini ya meza, kwenye mfuko, alikuwa na viatu vya Valentini. Hakujua kwa nini amevichukua.

Taa nyekundu ikawaka.

Nyuma ya kioo Likwata alisimama ghafla, mdomo wazi, na safari hii hapakuwa na tabasamu. Alipiga kioo. Fortunata hakumtazama.

"Habari za jioni. Mimi ni Fortunata, mtangazaji wenu. Mnaona nilivyo, na mnajua maana yake, kwa hiyo sitarefusha. Niliwasomea kwamba mtu mmoja amekiri kumuua Mzee Haruna wa Mchinga. Sikuwaambia kwamba mtu huyo ni mtani wake. Sikuwaambia kwa sababu sikujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza. Kosa ni langu. Kwa kosa hilo Valentini yuko mahabusu, na kesho asubuhi kaburi la mzee wa watu litafukuliwa. Nilipunguza sauti nisipopaswa kuipunguza. Sasa sikilizeni."

Hakuna kitu.

Kimya kikaenda, kikaenda. Nyuma ya kioo Likwata alikuwa amemshika Klementi bega. "Kata! Kata matangazo!"

Klementi aliitazama swichi. Akamtazama bosi wake.

"Swichi imekwama, bosi," akasema. Swichi haikuwa imekwama. Akabonyeza nyingine.

Vicheko vya Mchinga vikaijaza Lindi. *Nimemuua mimi! Nilimtilia sumu kwenye uji!* Na wanawake wakicheka, na jeneza likiyumba, na sauti ya Bi Somoe yenyewe, nyembamba, inayopanda juu ya zote: "Mbuzi kwanza? Mlaaniwa wewe!"

Kanda ilipokwisha, Fortunata alikuwa bado yupo kwenye kioo cha kila nyumba yenye televisheni, majivu yameanza kuchirizika na jasho.

Sasa hapo ndipo angeweza kusema usiku mwema. Alikuwa ameshasahihisha. Diploma yake isingemdai zaidi. Lakini alimkumbuka yule mkuu wa kituo asiyejua utani. Mtu wa namna ile hatosheki na kanda. Anataka muuaji.

Akaamua, na kabla hajapata nafasi ya kuogopa akasema:

"Mkuu wa kituo cha polisi, kama maneno ya mtani yanatosha kumtia mtu ndani, basi unaye mtu asiye sahihi. Valentini hakuua. Nimemuua mimi. Nilimtilia sumu kwenye uji. Mikorosho yake ni yangu, na mbuzi ni wangu. Na kama kuna mtani mwingine aliyemuua Mzee Haruna, asijifiche. Kaunta ya polisi iko wazi."

Giza likaanguka. Likwata alikuwa ameng'oa waya mwenyewe.

Akaja gizani, anahema. "Umejifukuza kazi mwenyewe, unajua? Na nyumbani kwangu usiku huu hulali!"

"Ndiyo, bosi. Godoro nimeshalihamisha."

Hapo simu ya ofisini ikaanza kulia. Klementi aliipokea, akasikiliza, akairudisha chini, ikalia tena. Mara ya tatu hakuipokea. "Watani wanauliza kama lazima waje na shahidi," akasema, "au kukiri kunatosha."

Kituo cha polisi na studio vimeachana mtaa mmoja tu. Nusu saa haikupita, Fortunata akiwa bado anatafuta vitu vyake gizani, mlango ukagongwa. Aliingia askari kijana, mtu wa huku huku kwa lafudhi yake, mwenye tochi. Akamulika ile sura ya majivu. Midomo ikamcheza, akaibana.

"Nani hapa amekiri kuua?"

"Mimi."

"Mama, kusema kweli, kule hakuna nafasi. Wauaji wa Mzee Haruna wamejaa kaunta mpaka barabarani. Kuna mzee mmoja amekuja na uji wenyewe."

Klementi alicheka. Skolastika, aliyekuwa amekaa ukumbini muda wote ule, alicheka. Fortunata pia alianza kucheka, ndipo akamwona askari yule hacheki tena.

"Lakini mkuu hajacheka, mama. Amesema wote walale ndani, mmoja mmoja atahojiwa. Na wewe umetajwa wa kwanza."

"Na kaburi?"

Askari aliishusha tochi.

"Majembe bado yako kwenye gari. Hajasema yashushwe."

Vicheko vikafa kimoja kimoja. Likwata aliwasha kiberiti, akajiwashia sigara, na kwenye ule mwanga mdogo meno yake yakaonekana tena.

Fortunata hakungoja kuambiwa. Aliinama akafungua viatu vyake, akavichomoa kamba mwenyewe, akaviweka mikononi mwa Skolastika. Kisha akavitoa vya Valentini kwenye mfuko, akavikumbatia kifuani.

"Ulisema nitamvalisha mimi," akasema.

Akatangulia mbele ya askari, miguu mitupu, kuelekea kaunta.